Siku Hizi Uko Wapi?

Wazee wangu, ndugu zangu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, nawashukuru kwa kuja kunisikiliza. Leo nazungumzia mzigo ambao wengi wetu tunaubeba kimya kimya, na nitaanza na swali ambalo kila aliyemo humu ameshaulizwa.

Unakutana na mtu mliyepoteana naye miaka mingi. Mnasalimiana kwa furaha ya kweli. Mnaulizana habari za nyumbani, za watoto, za wazee. Salamu zinaisha, kinapita kimya kifupi, halafu linakuja: "Enhe, siku hizi uko wapi?"

Anayejifunza Kiswahili angedhani anaulizwa mahali, akataja mtaa anaokaa. Sisi tunajua kwamba aliyeuliza hana haja ya kujua unalala wapi. Anataka kujua umefika wapi. Na jibu lako linawekwa kwenye mizani kabla hujamaliza kulitamka. Likiwa zito, macho yanabaki kwako na namba ya simu inaombwa palepale. Likiwa jepesi utasikia, "Aa, sawa, sawa, ndiyo maisha hayo," kisha macho yanapita juu ya bega lako kutafuta mwingine wa kuzungumza naye. Ni sekunde chache tu, lakini mtu huenda nazo nyumbani, akalala nazo, akaamka nazo.

Tena tusijidanganye kwamba hili limeletwa na simu. Limo katika maneno tuliyolelewa nayo. Mtoto akitoroka shule tunamwambia, "Soma, uwe mtu." Jirani akijenga tunasema, "Fulani sasa amekuwa mtu." Wenye vyeo ni watu wazito, watu wa maana. Vijana wamekuja na maneno yao, ametoboa, ametusua, ametoka kimaisha, na maana imebaki ileile. Nimelifikiria sana hilo la "uwe mtu". Mtoto wa miaka 8 anayeambiwa hivyo, kwa sasa yeye ni nani? Na mtu mzima wa miaka 45 ambaye hajajenga wala hajapata cheo, tumemweka katika kundi gani?

Niwasimulie kisa kimoja. Miaka michache iliyopita, mmoja wa tuliosoma pamoja alifungua kundi la WhatsApp. Tulikuwa hatujaonana kwa zaidi ya miaka 20. Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu: picha zilizopauka, majina ya utani, nani alikuwa akisinzia darasani. Siku ya pili msimamizi wa kundi akapendekeza kila mtu ajitambulishe, jina, anapoishi na anachofanya. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Wa kwanza akaweka cheo chake na picha akiwa nyuma ya meza pana. Wa pili akaandika maelezo marefu zaidi. Kufikia jioni, majina tuliyokuwa tukiyapigia kelele uwanjani yalikuwa yametanguliwa na Daktari, Mhandisi, Mkurugenzi.

Mimi niliandika ya kwangu usiku. Taa nimezima, simu inanimulika usoni. Nikaandika, "Nafanya kazi ya," nikafuta. Nikaandika, "Najishughulisha na," nikafuta. Nikajaribu, "Mshauri katika masuala ya," nikaitazama, nikaiacha. Sikuongopa. Ila kila neno nililichagua ili lisikike kubwa kidogo kuliko kazi yenyewe. Nilipotuma, nilikaa nikisubiri nani atajibu, na atajibu kwa maneno mangapi.

Katika kundi hilo alikuwemo rafiki yangu aliyekuwa akiongoza darasa zima katika hesabu. Wakati wa mitihani tulikuwa tunamzunguka usiku, naye anatuelekeza mmoja mmoja mpaka mwenye kichwa kigumu kuliko wote aelewe. Huyu hakujitambulisha. Jina lake lilikuwepo kwenye orodha, na ujumbe wetu ulikuwa unasomwa, lakini yeye haandiki. Wiki ya tatu mwenzetu mmoja akamtaja kwa jina: "Na wewe mtaalamu wetu, siku hizi uko wapi?" Kesho yake asubuhi, kwa maandishi yale madogo ya kijivu, tukaona kwamba ameondoka kwenye kundi. Hakuna aliyeuliza kulikoni. Ujumbe uliofuata ulihusu mpira.

Mimi mwenyewe nilichukua miezi minane kabla ya kumpigia simu. Alipokea kwa sauti ya uchangamfu, tukazunguka zunguka, mwishowe akaniambia. Kazi iliisha. Biashara aliyoanzisha baada ya hapo haikusimama. Nikamuuliza kwa nini alituacha. Akasema, "Sikuwakasirikia, ndugu yangu. Nilikuwa nasubiri nipate cha kuandika."

Kauli hiyo ndiyo iliyonileta mbele yenu. Kuna watu wangapi sasa hivi hawapokei simu, hawaendi kwenye harusi za wenzao, hawarudi kuwaona waliowalea, kwa sababu wanasubiri wapate cha kuandika?

Tukisema mtu ana hofu ya kushindwa maisha, tunadhani anaogopa njaa au kodi ya nyumba. Wengine wanaogopa hayo, na wana haki. Lakini rafiki yangu hakukimbia njaa alipoondoka kwenye kundi lile. Alikimbia macho yetu. Adam Smith, yule Mskochi anayetajwa kila panapozungumzwa masoko na biashara, aliliandika hili mwaka 1759. Aliuliza purukushani yote hii ya dunia ni ya nini, ikiwa ujira wa kibarua unatosha kumpatia mahitaji yake. Jibu lake: tunataka kuonwa, kusikilizwa, kutazamwa kwa jicho jema. Akasema maskini hutoka na kuingia bila mtu kumjali, na hata akiwa katikati ya umati yuko gizani sawasawa na aliyejifungia kibandani mwake. Miaka 17 baadaye, mwaka 1776, akatoa mfano wa shati la kitani. Wagiriki na Warumi wa kale waliishi vizuri tu bila kitani, lakini katika Ulaya ya wakati wake kibarua mwenye kujiheshimu angeona aibu kutokea mbele za watu bila shati hilo. Halikuwa la kumkinga na baridi. Lilikuwa la kumwezesha kusimama mbele ya wenzake bila kuinamisha uso. Kila zama zina shati lake la kitani, na anayelikosa anajua amelikosa hata kama hakuna aliyemwambia.

Jambo la pili ni kwamba hatujilinganishi na kila mtu. Hesiodi, mshairi wa Ugiriki ya kale, aliimba karne 27 hivi zilizopita kwamba mfinyanzi humwonea kijicho mfinyanzi, fundi humwonea fundi, na ombaomba humwonea ombaomba. Utajiri wa mfalme haukunyimi usingizi. Unaokunyima usingizi ni wa yule mliyekaa dawati moja, aliyekuwa anakuomba kalamu. Sasa fikirini: zamani mtoto wa mkulima alijua atakuwa mkulima, na mtoto wa bwana atakuwa bwana. Ulikuwa utaratibu wa dhuluma na simlilii hata chozi moja. Lakini mkulima yule hakuulizwa kwa nini hakuwa bwana. Mfaransa mmoja, Alexis de Tocqueville, alizuru Marekani mwaka 1831 akashangaa kuwakuta watu waliokuwa huru na wenye neema, na bado hawatulii. Aliona kwamba pale ambapo tofauti kubwa ni desturi ya nchi, macho yameshazizoea. Pale ambapo watu wanakaribia kulingana, pengo dogo kabisa linauma. Ukimwambia kila mtoto kwamba mlango uko wazi kwa wote, umempa zawadi kubwa. Umempa pia swali atakaloulizwa maisha yake yote: mbona hujaingia?

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Sote tunawaambia watoto wetu, "Ukijituma utafanikiwa." Mimi mwenyewe nawaambia wanangu, na nitaendelea kuwaambia, kwa sababu bila bidii hakuna linalosimama. Lakini kauli hiyo, tukishaitamka mara elfu, hujigeuza yenyewe bila sisi kuona. Anayejituma hufanikiwa; kumbe basi aliyefanikiwa alijituma; kumbe basi asiyefanikiwa hakujituma. Tumetoka kwenye kumtia mtoto moyo, tumeishia kwenye kumhukumu jirani. Na hukumu hiyo haina rufaa. Zamani fukara angeweza kusema, "Ni mapenzi ya Mungu," au "Ni dhuluma ya wakubwa," akalala akiwa na utu wake. Fukara wa leo anaambiwa, hata kama si kwa mdomo, kwamba amepata anachostahili.

Mwingereza Michael Young ndiye aliyelipa umaarufu neno meritokrasi, yaani jamii inayogawa nafasi kwa kadiri ya akili na juhudi za mtu, katika kitabu alichokitoa mwaka 1958. Siku hizi wanasiasa hulitaja kama sifa. Yeye alikiandika kuwa ni onyo. Mwaka 2001, akiwa mzee, alilalamika hadharani gazetini kwamba onyo lake limegeuzwa kuwa sera. Aliandika kwamba ni jambo gumu mno, katika jamii inayotukuza sana kustahili, kuhukumiwa kwamba hustahili chochote. Kila nikiyasoma maneno hayo namwona rafiki yangu, usiku, na simu yake mkononi, akisoma Daktari, Mhandisi, Mkurugenzi.

Wachukueni vijana wawili waliomaliza chuo siku moja, vyeti vinafanana. Mmoja amemaliza mwaka ambao ajira zipo, mwenzake baba yake ameugua mwezi uleule na imebidi arudi nyumbani kumuuguza. Miaka kumi ikipita mmoja ana ofisi, mwingine bado anatafuta. Anayetazama kwa nje anaona juhudi na uvivu. Mwezi ule wa ugonjwa hauandikwi popote. Siwasemi vibaya waliofanikiwa, wengi wao walikesha kweli. Ila kila mmoja wao, akikaa peke yake na nafsi yake, anamjua mtu aliyemfungulia mlango, anaikumbuka siku ambayo mambo yangeweza kwenda kombo na hayakwenda.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya moyo tu, mtu ajikaze. Mwili hausemi hivyo. Mwaka 1967 huko London ulianza utafiti kwa watumishi wa serikali, wanaume zaidi ya 17,000, ambao baadaye ulijulikana duniani kupitia kazi ya Michael Marmot na wenzake. Hawa wote walikuwa na ajira, mishahara na ofisi. Hakuna aliyekuwa akilala na njaa. Ilipopita miaka 10, ilionekana kwamba waliokuwa ngazi ya chini kabisa, matarishi na walinzi wa milango, walikufa kwa kiwango cha karibu mara tatu ya walio ngazi ya juu kabisa. Sigara na mengineyo ya namna hiyo yalieleza sehemu tu ya tofauti. Na si kwamba palikuwa na shimo wa chini wakatumbukia na wengine wakawa salama. Ilikuwa ngazi kwelikweli: hata wa pili kutoka juu walikuwa na afya dhaifu kidogo kuliko walio juu yao. Utafiti wa pili ulipoanza mwaka 1985, kwa wanaume na wanawake 10,308, kitu kimoja kilijitokeza wazi. Mtu asiyekuwa na kauli juu ya kazi yake, anayeamuliwa kila kitu, lini aanze, lini apumzike, afanye vipi, alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo. Kila mwenye watu chini yake humu ndani alichukue hilo aende nalo ofisini kesho asubuhi.

Mwaka 2004 watafiti wawili, Sally Dickerson na Margaret Kemeny, walikusanya tafiti 208 za maabara kuhusu homoni ya kotisoli, ile inayopanda mwili ukihisi hatari. Walitaka kujua ni majaribio ya aina gani yanayoipandisha zaidi. Yaliyoongoza ni yale ambayo mtu anatazamwa na kupimwa na wengine, na mambo hayamo mikononi mwake. Kwa hiyo ule moyo unaokudunda ukiulizwa uko wapi si udhaifu wako. Mwili wako umesikia hatari, na haukukosea.

Na kufika juu hakuponyi kwa namna tunayodhani. Watafiti waliotazama picha za video za Olimpiki ya Barcelona ya mwaka 1992 walikuta kwamba waliopata medali ya shaba walionekana na furaha zaidi kuliko waliopata ya fedha. Wa tatu anatazama nyuma, anaona angeweza kukosa kabisa. Wa pili anatazama mbele tu, kwa aliyemshinda. Tafakarini hilo: mtu ni wa pili duniani, mbele yake yuko mmoja, nyuma yake wako watu wote waliobaki, na uso umemwanguka. Wengine wakawauliza watu swali jingine: ungependa upate kipato fulani huku wenzako wakipata nusu yake, au upate mara mbili yake huku wenzako wakikupita? Karibu nusu walichagua kidogo, ilimradi wawe mbele.

Simu nitaipitia haraka, maana imesemwa sana. Facebook iliweka kitufe cha kupenda mwaka 2009, na tangu hapo kile tulichokuwa tunakikisia, yaani nani anatazamwa na nani hatazamwi, kikapata hesabu inayosomwa na kila mtu. Haikuanzisha kiu. Iliiwekea mita.

Basi tufanye nini? Ushauri wa siku zote ni kwamba turidhike. Mwaka 1890 mwanasaikolojia Mmarekani William James aliuweka kama sehemu katika hesabu: kujithamini kwako ni mafanikio yako yaliyogawanywa kwa matarajio yako. Unaweza kuongeza cha juu au kupunguza cha chini, na kupunguza, alisema, kunaleta nafuu kubwa sawa na kutimiziwa. Kwa mtu aliyejitwika ndoto za watu wengine, ni kweli, na nimeshuhudia watu wakipumua siku walipoitua ndoto ambayo haikuwa yao. Lakini nina shaka na mtu aliyekwisha kuketi anapomwambia aliyesimama, "Ridhika." Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kijana anayetafuta kazi mwaka wa nne hana tatizo la matarajio makubwa. Anataka kitu cha kawaida kabisa, na kukikosa ni jeraha halisi. Hilo linataka ajira na sera za haki, na ndiyo maana sitawadanganya kwamba maneno mazuri yanatosha.

Ninachoweza kuwaomba ni kile kilicho mikononi mwetu, maana macho yale yanayopita juu ya bega la mtu ni ya kwetu. Heshima haiko kama ardhi, kwamba ukimkatia mwenzako eneo lako linapungua. Tunaigawa sisi, kila siku, na mara nyingi tunaigawa vibaya. Sikilizeni tunavyotambulishana. "Huyu ni meneja wa," "huyu ni wakili," na tukifika kwa asiye na cheo tunasema "na huyu ni mdogo wetu," kisha tunaendelea. Yule mdogo wetu ana mama mgonjwa anayemgeuza kitandani kila baada ya saa mbili usiku kucha. Anajua kutengeneza redio. Kwa miaka 12 hajawahi kuvunja ahadi. Tungeweza kusema lolote kati ya hayo. Mwaka jana nilianza kujizoesha kumtambulisha mtu kwa jambo ambalo nimemwona akilifanya kwa macho yangu. Ilikuwa shida mwanzoni. Niligundua kuna watu ninaowafahamu miaka mingi ambao sikuwa na cha kusema juu yao zaidi ya wanapofanyia kazi, na hilo lilinihuzunisha sana.

Na mnaposimamia makundi yale ya simu, ya ukoo, ya shule, ya mtaa, wazo la kila mtu kujitambulisha kwa anachofanya liacheni. Waulizeni watu wanakumbuka nini. Waulizeni nani aliwahi kuwasaidia. Mtu akinyamaza wiki mbili, mpigieni, msimwite mbele ya wote. Msichukue miezi minane kama nilivyochukua mimi.

Siku ile nilipompigia, baada ya kuniambia kwamba alikuwa anasubiri apate cha kuandika, simu ilinyamaza kitambo. Sikujua niseme nini. Nikamuuliza kama anakumbuka ile milinganyo aliyokuwa akinifundisha usiku, ambayo sikuwa naielewa kabisa.

"Nakumbuka," akasema. "Wewe ulikuwa unakosea mahali palepale kila siku. Ukivusha namba kwenda upande wa pili, unasahau kugeuza alama."

Akaanza kunielekeza tena, pole pole, kama zamani, nami nikatafuta kalamu. Tukazungumza karibu saa nzima. Hajarudi kwenye kundi. Huwa ananipigia Jumapili jioni, na juzi aliniuliza kama mwanangu naye anasahau kugeuza alama. Nikamwambia ndiyo. Akasema nimpe simu.